Paa la nyasi linalovuna maji: jengo endelevu ni lipi hasa?

Mjomba wangu ni fundi mwashi wa siku nyingi. Amejenga madarasa, zahanati, misikiti miwili na nyumba za watu zisizo na idadi, na karibu zote zina bati juu na saruji chini. Juzi nilimwonyesha kwenye simu picha ya kituo cha sanaa kilichoko Sinthian, kijiji cha kusini-mashariki mwa Senegali: paa refu la nyasi linalopanda na kushuka kama mawimbi ya kusi, kuta za tofali zenye matundu, watu wamejikalia kivulini. Mjomba akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake, kisha akanirudishia simu.

"Mpwa wangu, sisi nyumba za nyasi tumezihama. Leo unaniambia watu wanasafiri kutoka Marekani kwenda kuzijenga?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama wengi wanalo. Neno "endelevu" limejaa kwenye hotuba, kwenye maandiko ya miradi na kwenye mabango ya maeneo ya ujenzi. Mwenye hoteli ameezeka makuti, anaiita endelevu. Mwenye ghorofa la vioo kaweka paneli sita za sola juu, naye anasema la kwake ni endelevu. Kijiji kikipata fedha za ukumbi wa ngoma na maigizo, wazee wanataka tofali za saruji, mfadhili anataka udongo, na kila upande unaamini mwenzake hajui anachosema. Hebu tulifumue fundo hili taratibu, na kituo hicho cha Sinthian kitatusaidia, maana kina karibu kila kitu kinachobishaniwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kitu endelevu ni kile kinachoweza kuendelea bila kula mbegu yake. Mkulima akila mavuno na kubakiza mbegu, mwakani atalima. Akila na mbegu, ameshiba leo tu. Jengo nalo lina mbegu zake: miti, maji, udongo, hewa, fedha za wenyewe na nguvu za mafundi wa mahali hapo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama jengo ni endelevu, usiangalie linafanana na nini. Uliza maswali matatu. Kulisimamisha kumegharimu nini, hata kile kisichoandikwa kwenye risiti? Kukaa ndani yake kila siku kunagharimu nini? Na likiharibika, nani atapanda juu kulitengeneza, kwa kifaa gani?

Kati ya hayo matatu, la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na kwangu ndilo kubwa.

Sola, mathalani, inajibu sehemu tu ya swali la pili. Ukumbi unaochemka mchana hadi watu wanahitaji feni kumi haujawa endelevu kwa sababu feni zinaendeshwa na jua. Ni sawa na mtu anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka kisha akajisifu kwamba bomba lake ni jipya.

Sinthian kuna nini?

Kituo hicho kinaitwa Thread, yaani uzi. Kilifunguliwa mwaka 2015 katika mkoa wa Tambacounda, mbali na Dakar na bahari yake, huko ambako joto ni kali na mvua huja kwa msimu mmoja tu, takriban kuanzia Juni hadi Oktoba. Fedha zilitoka kwenye taasisi ya Marekani inayobeba majina ya Josef na Anni Albers, mume na mke waliokuwa wasanii. Anni alikuwa mfumaji, kwa hiyo jina la uzi limekaa mahali pake. Mchoro uliandaliwa na Toshiko Mori, msanifu majengo mzaliwa wa Japani anayefanya kazi New York, na alifanya bila malipo. Hilo la bila malipo tutalirudia.

Sasa paa. Paa tulilolizoea ni kama kofia: maji yanapiga kileleni, yanateremka pande zote, yanamwagika chini ya upenu na kuchimba mtaro kuzunguka nyumba. Paa la Sinthian limeanzia kwenye umbo hilohilo la nyumba za nyasi za eneo hilo, ila sehemu zake zimepinduliwa, kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Badala ya kumwagika nje, maji yanaelekezwa ndani, kwenye viwanja vya wazi vilivyozungukwa na jengo, yanapita kwenye mifereji na kuingia katika mabirika. Waliolisanifu walikadiria kwamba paa hilo linaweza kukusanya karibu asilimia 40 ya maji yanayotumika majumbani mwa wanakijiji.

Ukiona tarakimu hiyo kwa mara ya kwanza unaweza kudhani imetiwa chumvi. Basi tufanye hesabu wenyewe, ni nyepesi. Mtabiri wa hali ya hewa anaposema imenyesha milimita 1, maana yake kila mita moja ya mraba imepokea lita 1 ya maji. Jengo la Thread lina ukubwa wa karibu mita za mraba 1,000. Mvua ya milimita 10, ile ya kukufanya ukimbilie barazani na kusubiri, inaliangushia lita 10,000 kwa mkupuo mmoja. Si zote zinazofika kwenye birika, lakini umepata picha.

Lihamishie hilo kwetu. Dodoma nako mvua ni ya msimu mmoja, na kwa mwaka wa kawaida hupata kama milimita 550. Chukua ukumbi mdogo wa kijiji wenye paa la bati la mita za mraba 100. Kwa mwaka unapokea lita 55,000. Toa zinazorukia pembeni na zinazokauka, tuseme moja ya tano, zinabaki 44,000. Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kila mtu kwa siku ni lita 120, kwa hiyo paa hilo moja linaitosheleza familia hiyo mwaka mzima.

Mbona basi watu wa Dodoma bado wanabeba ndoo? Kwa sababu paa si tatizo, tatizo ni mahali pa kuweka. Kiangazi cha kule ni kama miezi saba, na kukivuka familia hiyo inahitaji kuwa na zaidi ya lita 25,000 zimehifadhiwa siku mvua ya mwisho inapokatika. Hayo ni matangi matano ya plastiki ya lita 5,000, na bado yanapungua kidogo. Ndiyo maana mradi unaotangaza "tumefunga mfumo wa kuvuna maji ya mvua" halafu ukakuta tangi moja la lita 1,000 pembeni, umefunga mfumo wa kuvuna maji ya wiki moja. Wazee wa pwani walilijua hili zamani. Misikiti ya kale ya mwambao ilikuwa na birika la kujengwa kwa mawe na chokaa, kubwa, sehemu ya jengo tangu siku ya kwanza, si pambo la kuongezewa baadaye.

Na lazima tuseme ukweli wa upande wa pili. Maji yaliyopita kwenye nyasi hayawi meupe kama yaliyopita kwenye bati. Hutoka na rangi ya chai nyepesi, na nyasi kavu hunywa sehemu ya mvua za kwanza kabla hazijaanza kuachia. Yanafaa sana kwa bustani, kufulia, kunyweshea mifugo na kufyatulia tofali. Ya kunywa yanahitaji kuchujwa na kuchemshwa. Mvua ya kwanza ya msimu, ipite kwenye nyasi au bati, ni ya kumwaga, kwa sababu inaosha vumbi na vinyesi vya ndege vya miezi kadhaa. Na birika lisilofunikwa ni shamba la mbu.

"Udongo unayeyuka"

Mjomba alipomaliza na nyasi alihamia kwenye kuta. Alisema ameona nyumba za udongo zikilala chini masika, familia nzima ikihamia kwa jirani. Hasemi uongo, wengi wetu tumeona. Lakini tazama vizuri ukuta wa udongo unapokufa unafia wapi. Mara nyingi haufi katikati. Unafia chini, pale ambapo maji ya mvua yanaruka kutoka ardhini na kuulamba kila siku, au juu, pale paa lilipovuja na hakuna aliyepanda kuziba. Ukuta wa udongo uliosimama juu ya msingi wa mawe uliopanda kama mita nusu kutoka ardhini, chini ya upenu mpana unaorusha maji mbali, unakaa miaka mingi. Msikiti Mkuu wa Djenné huko Mali ni wa udongo, jengo lililopo sasa lilisimamishwa mwaka 1907, na kila mwaka mji mzima hutoka kuusiriba upya. Udongo haukatai maji kwa nguvu zake. Unamtegemea mwenye nyumba.

Upo pia udongo uliosaidiwa. Tofali za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezitangaza sana Tanzania, hutengenezwa kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kama asilimia 5 hadi 10, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha zikatunzwa kivulini na kumwagiliwa maji kwa wiki kadhaa. Hazichomwi. Zinapangwa kwa kuingiliana, hivyo hata udongo wa kujengea kati ya tofali na tofali unapungua sana.

Si kila udongo unafaa, na hapa ndipo wengi huharibu. Jaribio lake halihitaji maabara. Chukua chupa angavu, jaza udongo hadi theluthi moja, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho. Mchanga utalala chini, juu yake tope laini, na mfinyanzi juu kabisa. Ukikuta karibu chupa nzima ni mfinyanzi, tofali zako zitapasuka zikikauka. Ukikuta ni mchanga mtupu, hazitashikana. Unataka mchanga uwe mwingi, na mfinyanzi wa kutosha kuwa gundi. Mafundi wa vijijini wamekuwa wakilijua jambo hili kwa njia yao: ndiyo maana udongo wa kichuguu unapendwa, mchwa wameshauchambua.

Upo uzushi mwingine hapa, na unatoka upande wa wapenda mazingira. Kwamba chochote cha asili ni kizuri. Tofali za kuchoma ni za udongo, za asili kabisa, zinafyatuliwa na vijana wa kijiji. Lakini tanuri lake linakula miti kwa siku kadhaa mfululizo, na ukipita vijiji vingi utaona vilima vilivyonyolewa kwa sababu hiyo. Tofali mbichi iliyoshindiliwa vizuri, hata ikiwa na saruji kidogo ndani yake, inaweza kuwa na madhara madogo kuliko hiyo ya asili iliyochomwa.

Na saruji nayo ina kosa gani? Tunasikia inalaumiwa lakini sababu haielezwi. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye tanuri la joto la nyuzi kama 1,450. Kuni au makaa ya kufikia joto hilo yanatoa hewa ya ukaa. Lakini hata ungepasha tanuri kwa jua, jiwe lenyewe likiungua linatoa hewa hiyo kutoka ndani yake, kama maandazi yanavyotoa mvuke. Kwa hiyo saruji inabeba kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotolewa na binadamu duniani. Hii haina maana ukumbi wa kijiji usiwe na saruji. Msingi, ukingo wa birika, sehemu ya choo: hapo itumie kwa raha. Hoja ni kutoimwaga mahali ambapo udongo ungefanya kazi hiyohiyo.

Joto, na mtu aliyeinua bati

Karibu na uwanja wa mpira wa kijiji chetu kuna ukumbi wa bati na madirisha madogo. Saa nane mchana hakuna anayeingia humo, hata mbuzi hawaingii. Bati ni chuma chembamba. Jua likilipiga, linashika moto na kuuangushia moja kwa moja utosini pako, na hewa ya moto iliyo ndani haina mlango wa kutokea kwa sababu madirisha yapo chini na yenyewe imepanda juu. Nyasi hufanya kazi kama blanketi lililogeuzwa: kati ya ubua na ubua kuna hewa iliyotulia, na joto linapata taabu kupenya. Ongeza kuta zenye matundu, upepo unaingia upande huu na kutokea upande ule. Ndivyo Sinthian walivyofanya, na ndivyo nyumba za Lamu na Unguja zilivyofanya kwa kuta nene za mawe, madaka, na vichochoro vyembamba ambavyo jua haliyafikii mawe yake.

Lakini mtu hahitaji nyasi ili kupata ubaridi. Francis Kéré alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso, akaenda kusomea usanifu Berlin, na akarudi kujenga shule ya msingi kijijini kwao. Ilikamilika mwaka 2001. Kuta ni za udongo uliochanganywa na saruji. Juu yake akaweka dari ya udongo yenye nafasi za kupitisha hewa, kisha bati akaliinua mbali juu ya dari hiyo kwa kenchi nyepesi za nondo zilizochomelewa. Bati linaungua peke yake huko juu, upepo unapita katikati, hewa ya moto ya darasani inapanda na kutoka. Ni kama mtu aliyevaa kofia pana ya ukili, jua linaiunguza kofia na kichwa kiko salama. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Kwa walio Kenya si lazima kwenda mbali: chuo chake cha teknolojia kando ya Ziwa Turkana kilikamilika mwaka 2021, na minara yake mirefu ya kutolea hewa ya moto imeigizwa kutoka kwenye vichuguu vya huko.

Huyohuyo Kéré ana kazi nyingine inayotuhusu zaidi. Mwaka 2010 alianza kujenga kijiji cha sanaa huko Laongo, karibu na Ouagadougou, pamoja na mwongozaji wa tamthilia wa Ujerumani, Christoph Schlingensief, aliyefariki mwaka huohuo. Kiliitwa Kijiji cha Opera. Ungetarajia waanze na ukumbi wa opera. Walianza na shule, na zahanati ikafuata, ukumbi ukasubiri. Nimesikia watu wakicheka kwamba ni kijiji cha opera kisicho na opera. Mimi naona walipanga vizuri. Mtoto aliyesoma hapo na mama aliyejifungulia hapo wana sababu ya kuja siku ukumbi utakapofunguliwa.

Ukumbi wa sanaa una madai yake

Mpaka hapa nimezungumza kama vile ukumbi wa sanaa ni darasa lenye ngoma. Sivyo. Aliyewahi kuigiza chini ya bati wakati wa masika anajua: mvua ikianza, tamthilia imeisha. Hata ngoma ya msondo inazidiwa. Nyasi hazipigi kelele. Kuta za udongo zisizolainishwa sana nazo zinameza sauti, tofauti na kuta za zege zilizosilibwa na kupakwa rangi ya mafuta, ambazo zinarudisha kila neno mara tatu hadi msimuliaji hadithi anaonekana anabishana na nafsi yake.

Sakafu ni jambo jingine. Wachezaji wa ngoma wanaruka pekupeku saa nzima. Sakafu ya zege inayavunja magoti. Udongo ulioshindiliwa na kulainishwa unasamehe, ila unataka kumwagiwa maji kidogo na kukandikwa mara kwa mara. Mwanga nao: mchoraji hataki jua la moja kwa moja kwenye kazi yake, anataka mwanga uliotulia wa kivulini, na ndio unaopatikana chini ya upenu unaozunguka viwanja vya wazi.

Gumu kuliko yote ni upana. Darasa linaweza kuwa na nguzo katikati, ukumbi wa maigizo hauwezi. Na vifaa vya asili vina tabia ya kukupangia upana. Vyumba vya nyumba za kale za Waswahili, na vya Oman na Ghuba vilivyoezekwa kwa boriti za mikoko kutoka kwetu, vina upana unaofanana, kidogo chini ya mita tatu. Si suala la mtindo. Boriti ndiyo ilikuwa inaishia hapo. Chumba kikawa kirefu kama ukanda kwa sababu mti ulikuwa mfupi. Sinthian walitumia mianzi, mingi, ikifungwa na kupangwa pamoja ili kubeba paa linalopinda. Mwanzi ni mwepesi, una nguvu, na hukomaa kwa miaka mitatu hadi mitano, wakati mti wa mbao unadai muongo au zaidi. Udhaifu wake ni sukari iliyo ndani. Kule Iringa tunaigema ikawa ulanzi, na wadudu nao wana kiu ileile. Mwanzi ambao haukulowekwa kwenye dawa ya boraksi na asidi ya boriki, au kufukizwa moshi vizuri, utaanza kumwaga unga mweupe kabla hujamaliza kulipa mafundi. Nimeona migahawa ya ufukweni iliyosahau hatua hiyo.

Mikoko nayo, kabla hujaniuliza: ndiyo, ni ya asili na ndiyo, wazee waliitumia. Lakini ufukwe uliokatwa mikoko unaliwa na bahari, na siku hizi kuikata kunahitaji kibali. Asili na endelevu ni maneno mawili tofauti.

Nani anakitumia, nani anapanda juu

Kinachonivutia Sinthian kuliko paa ni ratiba. Wasanii wa Senegali na wa nje hupewa nafasi ya kukaa na kufanya kazi hapo kwa muda, lakini jengo halifungwi wakiondoka. Watu hukutana humo, hujifunza kilimo, huuza bidhaa, huchaji simu. Ni baraza kubwa. Sisi tuliokulia pwani tunajua baraza ni nini: halina mhudumu wala tiketi, na ndiyo maana halifi. Ukumbi wa kijiji unaosubiri tamasha la mara moja kwa mwaka hufa kwa popo na kufuli lenye kutu, uwe wa udongo au wa marumaru.

Hata hivyo sitaki kukiuza kituo hicho kama dawa ya kila kitu. Msanifu wa kiwango kile akifanya kazi bure, hiyo ni ruzuku kubwa ambayo kijiji cha pili hakitaipata. Paa lililopinda hivyo linahitaji mchoro wa kompyuta kabla ya kuhitaji fundi. Na kituo ambacho kalenda ya wageni wake inategemea taasisi iliyo ng'ambo kina uzi mmoja mrefu unaovuka bahari. Wenye kuiga wasiige pindo la paa, waige maswali yaliyolizaa: hapa kunakosekana nini, mvua inakujaje, watu wa hapa wanaezeka vipi tayari?

Na vifaa vya asili si vya bure. Kudhani ni vya bure nako ni uzushi. Unachookoa kwenye saruji unakilipa kwenye mikono: kuchimba, kushindilia, kukata nyasi, kusuka, kuezeka. Tofauti ni kwamba fedha hiyo inabaki kijijini mfukoni mwa watu, haipandi lori kurudi kiwandani. Lakini mtu akikuambia ukumbi wa udongo utakuwa wa bei nusu, mwombe aandike.

Nilimwelezea mjomba yote haya, kwa kirefu kuliko nilivyoandika. Alisikiliza, akakubali habari ya sauti kwa haraka, akabisha ya udongo, akavutiwa kweli na ya bati lililoinuliwa. Kisha akauliza swali ambalo sijalikuta kwenye maandishi yoyote ya kusifia mapaa ya nyasi.

"Nyasi zenyewe ziko wapi?"

Tulikuwa tumekaa nje. Akaninyooshea mkono bonde lililo nyuma ya nyumba yake. Alipokuwa kijana, alisema, pale ndipo walipokata nyasi za kuezekea, ndefu kumzidi mtu. Sasa ni mahindi na alizeti hadi kwenye mto, na kipande kilichobaki kinalishwa ng'ombe kabla nyasi hazijafika gotini. Paa la nyasi linataka kurudishiwa nyasi mpya kila baada ya miaka michache, ukumbi mkubwa unataka mizigo kwa mamia. Ukizinunua wilaya ya pili na kuzileta kwa lori, jibu la swali la tatu limebadilika.

Akaokota kijiti, akachora chini mistari miwili: mmoja wa dari, mwingine wa bati, juu sana. Katikati akachora kenchi. Akafuta, akauinua wa bati zaidi kidogo, akaanza kuhesabu kwa sauti nondo za milimita 12 zitakazohitajika.